Resi Moja Kabla ya Kuzima

Mtoni, Dar es Salaam
12 Januari 2025

Shangazi Hamdiya,

Shikamoo. Naiandika nzima, na irabu zake zote, maana nakumbuka ulivyonijia juu kwa ile meseji yangu ya "shkm" siku ya Mwaka Mpya. Simu najua huisikii, basi nimerudi kwenye kalamu kama alivyokuwa akifanya baba: kipuri kwenye boksi, barua juu yake, boksi kwenye basi la Tanga.

Sie hatujambo. Mke wangu Lulu anakuamkia, kafungua saluni nyumba ya pili kutoka kwetu na shoga yake Hamida. Mama hajambo, ni kama ulivyomwacha. Asubuhi ananiuliza mie mtoto wa nani, jioni ananijua. Gari la baba, Kipanga, likiingia ananyanyuka mwenyewe, anajifunga kanga vizuri. Nikifika mlangoni nampa Kipanga ile resi moja ya baba kabla ya kuzima, basi hapo mama anasema, "Mashaka huyo," anaenda kupakua. Sahani ya baba, sahani yangu, na yake. Akiniuliza baba yako yuko wapi, namwambia anakoga. Anaifunika ile sahani kwa kawa, tunakula sie wawili, na asubuhi Lulu anawapa kuku. Siku nikichelewa, hali mpaka nirudi.

Sasa la moyoni. Ndani ya boksi, chini ya magazeti, kuna kamshafti ya Kipanga. Tangu baba afariki Agosti, wateja wa gereji wamepungua, na mwezi uliopita Walid, yule mwenye gereji Kinondoni, kaniambia mbele za watu: "Mudathir, Kipanga siku hizi anapitwa na bodaboda yenye abiria wawili. Baba yako alikuwa fundi au mlinzi wa gari?" Watu wakacheka, na mie nikacheka nao kwa aibu. Gari la michezo, milango miwili, kabureta mbili, halafu linatembea kama linaenda mazikoni.

Walid anasema niweke turbo. Sitaki. Turbo ni kupuliziwa pumzi na mwingine. Injini hii inavuta pumzi yake yenyewe tangu mwaka themanini na nne, nami nataka ivute zaidi, basi. Baba kila nikimwambia alinijibu lilelile: "Imefika hiyo. Usiiombe zaidi." Sikukubali alipokuwa hai na leo bado sikubali. Nakuomba uichonge, valvu zifunguke juu zaidi na zikae wazi zaidi. Dar nzima sina ninayemwamini na chuma hiki.

Mwanao,
Mudathir

*

Ngamiani, Tanga
26 Januari 2025

Mwanangu Mudathir,

Marahaba. Barua yako imefika inanuka grisi, nami nikasema huyu ni damu yetu. Mie mzima ila masikio. Juzi muadhini kamaliza mie bado namsubiri aanze. Mashine ya kuchongea chuma imeyala, na siidai chochote, imenilea. Injini siku hizi nazisikiliza kwa bisibisi: ncha naiweka kwenye chuma, mpini naung'ata kwa meno. Wateja wananicheka, lakini gari zao zinatoka zimepona.

Nimeipima kamshafti. Haijalika. Ndugu yangu alikuwa akibadilisha oili kama wengine wanavyobadilisha kanzu ya Ijumaa.

Sasa nisikilize, na usinikatize kama kawaida yako. Vile vinundu vinavyosukuma valvu nikivichonga utakavyo, nguvu utaipata, lakini utaipata juu kule injini ikiwa inalia. Chini itakufa ganzi. Ukisimama kwenye taa itatetemeka na kukohoa kama mtu wa homa. Sauti haitakuwa ile tena. Na chuma kikishaondoka hakirudi, Mudathir. Hizi si nywele.

Nikwambie kitu. Mwaka tisini na tano nilimbembeleza baba yako aniachie kamshafti hii nimchongee. Akakataa. Akasema, "Hamdiya, mkono wako ukianza hauachi." Nilimnunia mwaka mzima. Leo imekuja yenyewe, iko mezani, na kila nikipita naitazama. Sikufichi, mkono unaniwasha.

Lakini wifi yangu Salma anakula vipi? Umeandika "siku nikichelewa, hali," ukaliruka kama mtu anayeruka dimbwi. Mie nilikaa naye eda yote. Yeye hajui hata kama alikaa eda. Mumewe kwake hajafa, yuko njiani, na anayemleta nyumbani kila jioni ni gari lile. Kaa ufikiri. Kisha nijibu neno moja, nichonge au niache.

Shangazi yako,
Hamdiya

*

Mtoni
3 Februari 2025

Shangazi,

Shikamoo. Chonga.

Hedi ya injini nimeshaipeleka kwa fundi wa Manzese, kaipunguza ili mchanganyiko ubanwe zaidi. Jeti za kabureta nimetia kubwa. Eksozi ya zamani nimeitoa nimeitupa uani, kuku wa mama wamefanya kitanda. Nimechomelewa mpya, bomba pana lisilo na kizuizi. Imebaki kazi yako tu. Walid kasema baada ya Iddi tukutane ng'ambo ya daraja, Kigamboni, kuna barabara mpya ambayo haijafunguliwa.

Mama hajambo.

Mudathir

*

Tanga
20 Februari 2025

Mudathir,

Marahaba. Hiyo hapo. Nimeifunga kwa kanga yangu kuukuu, kanga nirudishie.

Nitasema kweli, nimeifanya kwa raha ambayo sijaipata siku nyingi. Nilipomaliza nikaipitisha kidole, laini mpaka mwili ukanisisimka. Halafu nikakaa chini nikamkumbuka ndugu yangu, na ile raha ikaondoka. Tumeshirikiana kumbishia maiti, mie na wewe, na maiti hajibu.

Ukiifunga, usiizime injini ikiwa bado baridi siku ya kwanza, iache ikimbie kwanza ijizoeze.

"Mama hajambo." Maneno mawili. Mie nimeuliza habari za chakula. Ramadhani hii hapa mlangoni, na mtu aliyesahau kwamba mumewe amekufa atasahau pia kwamba alikula daku. Niandikie.

Hamdiya

*

Mtoni
16 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo, na Iddi mubaraka iliyopita. Nisamehe kimya. Ramadhani ilikuwa na kazi, kisha Iddi, kisha hili ninalokusimulia.

Shangazi, Kipanga ameamka. Natamani ungekuwepo uweke bisibisi yako. Nilimpeleka Kigamboni alfajiri na watu wa Walid na watu wangu. Mwanzo Walid alinitoka, na gari lake jipya na turbo yake, nikaona mgongo wake tu. Chini hakuna kitu, kama ulivyosema. Ila nilipofika gia ya tatu, sindano ya mizunguko ikavuka elfu tano, gari likabadilika kabisa. Likapiga ukelele mmoja mrefu, kiti kikanisukuma mgongoni. Nilimkuta Walid kabla ya mwisho, nikampita. Kabureta mbili, bila turbo. Aliposhuka alikuja mwenyewe akafungua boneti, akatazama, kisha akanipa mkono. Kaniuliza nani kachonga kamshafti, nikamwambia shangazi yangu. Hakuamini.

Wiki hii nimepokea magari ambayo sina pa kuyaweka. Wananiita fundi. Baba hakuwahi kuniita hivyo hata siku moja, alisema "kijana wangu ananisaidia."

Lulu anakuamkia. Mama anasumbua kidogo, mambo ya umri.

Mwanao,
Mudathir

*

Tanga
28 Aprili 2025

Mudathir,

Salamu yako nimeiitikia moyoni, kuiandika nashindwa.

Jumapili Hamida alikuja Tanga arusini kwao, akapita kunisalimu. Akaniandikia kwenye karatasi, maana kusema naye ni kupigiana kelele. Kaandika kwamba wifi yangu kakonda mpaka bangili zimemtoka mkononi zenyewe. Kaandika kwamba kila jioni sauti yake inasikika nyumba ya pili, "Tokeni, mwenye nyumba yuko njiani anarudi." Kaandika kwamba unalala saluni kwa mkeo.

Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema. Mie kiziwi nasikia, wewe mwenye masikio mawili mazima husikii. Nimekuuliza Januari, nimekuuliza Februari, nawe ukanijibu habari za Walid.

Sitaki kusikia kwa Hamida. Niandikie wewe, kwa mkono wako, na usiruke.

Hamdiya

*

Mtoni
5 Mei 2025

Shangazi,

Shikamoo. Siruki.

Siku ya kwanza niliyorudi na Kipanga baada ya kumfunga, ilikuwa Maghribi. Nilikuwa na furaha, nilitaka mama asikie. Nikapiga resi mlangoni, siyo moja, nyingi. Kwenye ukingo wa dirisha vyombo vikalia. Nikashuka, nikakuta mlango umefungwa kwa komeo. Nikagonga, "Mama, ni mie." Akajibu kutoka ndani kwa sauti ya heshima kabisa, "Mwenye nyumba hayupo, baba. Njoo akirudi." Nikadhani ni mzaha. Lulu ndiye aliyenifungulia, na mama aliponiona akajificha nyuma yake.

Kesho yake vilevile, na siku zilizofuata. Zamani asubuhi ndiyo alikuwa hanijui na jioni ananijua. Sasa hanijui kutwa. Mie ni yule kijana wa gari la makelele. Amewaambia majirani kwamba kuna mwizi anazunguka nyumba na mumewe hajui.

Nikaacha gari gereji, nikarudi kwa miguu. Hakuna gari, basi hakuna Mashaka, na hakuna Mashaka, hakuna kula. Anakaa mlangoni na kanga yake kaifunga vizuri, anasubiri. Sufuria iko jikoni. Ukimwambia kula anasema, "Nitakulaje na mwenyewe hajafika?" Lulu anamnywesha uji asubuhi, vijiko viwili vitatu, kisha anafunga mdomo. Tulimpeleka kwa daktari. Daktari kasema huyu hana ugonjwa mwingine, ana njaa.

Nina video ya zamani kwenye simu, siku baba anaingia uani na Kipanga, sauti ile yenyewe. Nikaiunganisha na spika kubwa ya saluni, nikaiweka dirishani. Nilijiona nina akili sana. Mama akasikiliza, akanigeukia akasema, "Zima redio, tusije tukakosa kumsikia."

Hapo nilitoka nje nikalia, Shangazi. Sikulia hivyo alipokufa baba.

Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoishika kalamu, habari ya kushinda ilikuja kwanza, nami nikaipenda. Nilijua tangu Ramadhani. Nilienda Kigamboni nikijua kwamba usiku wa kuamkia siku ile mama hakula.

Kamshafti imo kwenye boksi. Walid kaniambia ni wazimu kumshusha Kipanga nguvu sasa hivi wakati jina limeanza. Nimemwambia achukue wateja. Najua chuma hakirudi, uliniambia na nikaandika neno moja. Lakini wewe ni wewe. Nakuomba unirudishie ile sauti. Sijui nitamlisha mama yangu kwa njia gani nyingine.

Mudathir

*

Tanga
1 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nikaiweka, nikaisoma tena baada ya Isha. Nilikuwa nimejaza maneno makali, yote yameniishia. Na mie nimo. Uliomba, lakini mkono uliochonga ni huu wangu, na niliuliza habari za Salma huku jiwe la kuchongea nimeshalichagua.

Chuma hakirudi, bado nasema hivyo. Ila chuma kinaweza kujazwa chuma kingine. Nimevilehemu vile vinundu upya, tabaka juu ya tabaka, nikaviacha vipoe taratibu kwenye majivu, kisha nikavichonga. Shida ilikuwa nichonge kwa umbo gani, maana la baba yako nilikuwa nimeshalifuta. Nimesumbuka nalo mpaka siku moja upepo ukapiga mlango wa karakana. Mlango ule nimeuzuia kwa kipande cha chuma miaka yote, nakipiga teke nikipita. Nikainama kukiweka sawa, nikakitazama. Ni kamshafti ya kwanza ya Kipanga, Mashaka aliitoa ilipoanza kulika mwaka tisini na moja, akaniachia iwe kumbukumbu, nami nikaifanya kizuizi cha mlango.

Upande mmoja imelika, mwingine bado mzima. Nimeufuata ule mzima. Nimekichonga kitu cha sauti na mie sisikii, kwa kidole tu. Kama nimekosea utanisamehe.

Hedi yako imepunguzwa, basi weka gasketi mbili. Jeti rudisha za zamani. Eksozi waondolee kuku.

Na usisahau resi. Baba yetu alitufundisha, mie na Mashaka, miguu yetu haijafika hata kwenye klachi: ukifika kwako, mpe resi moja kisha uzime, ndiyo salamu ya gari kwa walio ndani. Vijana wanasema ni kumaliza mafuta bure. Wewe mpe. Moja, siyo nyingi.

Mlishe wifi yangu.

Hamdiya

*

Mtoni
20 Juni 2025

Shangazi,

Shikamoo. Kanga yako imo humu, Lulu kaifua na kuipiga pasi.

Kamshafti ilifika siku ya pili baada ya Iddi kubwa. Nimeifunga peke yangu, sikutaka msaidizi. Gasketi mbili, jeti za zamani, na ile eksozi ina mavi ya kuku mpaka ndani. Nilipowasha nilikaa na mikono kwenye magoti nikisikiliza. Nikamwita Lulu, akafumba macho, akasema, "Ndiyo hiyo." Hukukosea. Kidole chako kimesikia kuliko masikio yetu sote.

Jana nikarudi naye kwa Kilwa Road, Maghribi. Bodaboda ikanipita, imebeba mtu na godoro. Nikaiachia njia.

Nikafika mlangoni, nikazima, nikasubiri. Lulu akachungulia dirishani akatikisa kichwa. Mama alikuwa kaketi tu, kainua shingo, hajanyanyuka. Nikaona basi, tumechelewa. Mkono uko kwenye mlango wa gari, nataka kushuka, ndipo nikakumbuka kwamba kwa woga nimezima bila resi. Nikawasha tena. Nikamwacha Kipanga angurume kidogo, nikampa moja, nikazima.

Nikasikia komeo. Mama akatoka mwenyewe mpaka kwenye gari, jambo ambalo hajawahi. Kanga kaifunga. Akaweka kiganja juu ya boneti, akasema, "Limechoka hili. Ulikuwa unalikimbiza wapi siku zote hizi?" Nikasema silikimbizi tena. Akanitazama usoni, karibu kabisa, kwa furaha ambayo sijawahi kutazamwa nayo na mtu. Akasema, "Mashaka, umekonda."

Nikamwambia, "Mama, ni mie." Akacheka, akanipiga begani. "Usinitanie, mtu mzima wewe. Ingia, chakula kinapoa."

Zamani ilikuwa gari linamleta baba, na mie ninashuka nikiwa mie. Wiki zote zile za makelele zimeufuta uso wangu kichwani mwake. Sauti imerudi, mie sikurudi.

Nikanawa, nikakaa kwenye mkeka mahali pa baba. Nilikula kwenye sahani ya baba. Naye akala, Shangazi. Akala wali na samaki, akaongeza, akalamba vidole, Lulu akaingia jikoni asionekane analia. Tulipomaliza, mama akachukua sahani ya tatu akaipakulia, mnofu mzuri wa samaki akauweka juu, akaifunika kwa kawa. Akaniambia, "Hii ya Mudathir. Usiiguse. Mtoto yule anachelewa siku hizi, sijui anakimbilia nini."

Nikamwambia yuko njiani.

Leo kafanya vilevile. Kala, kanisimulia habari za mtoto wake Mudathir, kwamba ana mikono mizuri, kwamba Mashaka asimbane sana, amwite fundi walau siku moja, kwani anangoja nini? Nikamwambia nitamwita. Sasa kalala. Sahani iko hapa mbele yangu, bado sijaifunua, nakuandikia pembeni yake.

Njoo, Shangazi. Panda basi, mashine iache. Wewe anakujua, nilimsikia jana anakutaja kwa jina. Labda ukikaa naye jioni, ukanionyesha kwa kidole nikiwa nashuka garini, ukamwambia huyu ni nani, atakuamini. Injini tuliiomba zaidi ikatupa. Baba alijua ingechukua nini, sijui kwa nini hakuniambia, au labda ndiyo aliniambia.

Ni mie,
Mudathir